Gari Lililokula Oili

Mwezi uliopita tulimzika Fundi Evodius kwake Bugene. Aliyekuwa akiongoza ratiba, kijana mwenye sauti nzuri na haraka nyingi, akaomba wote ambao marehemu aliwahi kuwatengenezea gari au pikipiki wasimame ili familia iwaone. Watu walisimama kama nusu ya uwanja, wengine wametoka Murongo na wengine ng'ambo ya mpaka, wakiwa na makoti ya bodaboda. Mimi nilinyanyuka kidogo, kisha nikakaa. Mama aliyekuwa pembeni yangu akadhani magoti yananisumbua, akaninong'oneza, "Pole, waitu, wewe kaa tu." Magoti yangu ni mazima. Kilichonikalisha ni kwamba zamani, kabla Evodius hajahama Bugene, mimi ndiye niliyemwita mwizi mbele za watu, na yule kijana mwenye sauti nzuri hakuwa na habari hiyo. Nilirudi nyumbani na hasira ambayo haifai kwa mtu anayetoka mazikoni. Hasira juu yangu, juu ya gari lile, na hata juu ya marehemu mwenyewe, Mungu anisamehe, kwa sababu sentensi moja tu kutoka kinywani mwake ingetuokoa wote wawili.

Mwaka ule nilikuwa na miaka thelathini na moja. Nilikuwa na duka la dawa za mifugo Omurushaka, chumba cha mbele dawa, chumba cha nyuma kitanda, na siku nne kwa wiki nilikuwa njiani kwenda kwa wafugaji wa Kyerwa nikiwa nyuma ya bodaboda, begi la sindano limenikaba shingo. Watu waliniita Daktari, ingawa cheti changu kilisema kitu kidogo kuliko hicho. Nilipochoka na vumbi na mvua nilinunua gari, na kwa kuwa nilijiona mjanja, sikununua gari la milima kama wenzangu wenye akili. Nilinunua haibridi ndogo, inayotumia petroli na betri, kuukuu, iliyokwisha kutembea sana Japani kabla haijanifikia, kwa sababu niliambiwa inabana mafuta. Ilikuwa inabana kweli. Mafuta ya petroli ilikuwa inayaonja tu. Hakuna aliyenionya kuhusu oili.

Siku lilipofika, watu waliokuja kulitazama walikuwa wengi kuliko waliokuja nilipohitimu. Hapa lazima nieleze jambo la wafugaji wetu, maana bila hilo mwaka ule hauna maana. Ng'ombe mpya akiletwa nyumbani, majirani huja kumwona, na kazi yao ni kumsifu. Akichechemea, zitasifiwa pembe. Akiwa na mbavu nje, itasifiwa rangi. Kumtajia mwenye ng'ombe kilema cha ng'ombe wake ni kama kumtakia mabaya, na kadiri unavyompenda ndivyo unavyozidi kunyamaza. Mimi natoka kwa wakulima wa migomba. Kwetu mtu akiona mgomba wako una mnyauko anakuambia hapohapo uukate, kabla haujaufikia wa kwake. Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa ugomvi wa kila siku. Nilikuwa naitwa wakati ng'ombe amelala siku ya tatu, masikio yamepoa, ndigana imeshammaliza, na mwenyewe ananiambia, "Anapumzika kidogo, Daktari." Nilikuwa nawaambia, mficha maradhi kifo humuumbua. Wanatikisa vichwa kwa heshima, wananikaribisha maziwa, na mwezi unaofuata ni yaleyale.

Evodius alikuwa mtoto wa wafugaji hao, aliyeacha fimbo akashika spana. Alikuwa na gereji ndogo Bugene, kibanda cha mabati kilichoegemea nyumba yake, na tulifahamiana tangu alipokuwa akitengeneza pikipiki zilizonibeba. Aliniita Dada, na alikuwa anamaanisha. Siku ile alifungua boneti mbele ya watu wote. Akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena na kukitazama kwa muda. Akazunguka nyuma, akachuchumaa, akapitisha kidole ndani ya bomba la moshi, kidole kikatoka cheusi na chenye unyevu, akakifutia kwenye suruali. Watu wakasogea karibu.

"Nzuri, Dada," alisema. "Imetulia. Na rangi yake inapendeza."

Wakapiga vigelegele. Mimi, ambaye kwa miaka sita nilikuwa nikilalamika kwamba watu hawa husifu rangi wakiona ugonjwa, nikafurahia rangi ya gari langu.

Tangu hapo kila Jumamosi nilipeleka gari Bugene. Hakunitoza. Alisema ni kupuliza vumbi tu, kukaza nati, na akanisukuma ndani kwa mkewe nikale. Nyumba yao ilikuwa na sebule yenye nyasi laini sakafuni siku za wageni, na mimi nilikuwa mgeni kila Jumamosi. Leokadia alikuwa Mhaya wa Muleba, mwanamke wa maneno makavu na mkono mzuri wa jikoni. Alipika ndizi na maharage zikaiva mpaka zikawa kitu kimoja, anaweka samli juu, na pembeni bakuli la mtindi wa kutoka kwa ndugu wa mumewe. Nilikula mpaka nikafungua kifungo. Baada ya chakula unaletwa mkebe wa kahawa ya kutafuna, mnatafuna, mnaongea habari za bei na za kanisa, na nje unasikia boneti ikifungwa. Jumamosi zile zilikuwa starehe yangu kubwa kuliko zote, na sikuzipata tena kwa mtu mwingine. Nasema hivyo kwa uchungu kwa sababu wakati nikilamba vidole, nje kulikuwa na kitu kinafanyika ambacho kilinihusu mimi na sikukiona.

Nilikisikia, lakini. Mara tatu au nne Evodius aliingia jikoni kunawa, na kupitia ukuta nikamsikia Leokadia akimwambia kwa Kinyambo, kwa sauti ya chini ya mtu aliyechoka kurudia, "Mwambie." Naye akajibu, "Si leo. Acha ale." Nilidhani ni mambo yao ya ardhi, au wanataka kunikopa na wanaona haya. Nikajiandaa hata na jibu. Haikunijia kabisa kwamba wanazungumzia gari, kwa kuwa gari lilikuwa zuri, aliyesema hivyo ni fundi.

Miezi ikapita hivyo, na kiangazi kikaingia. Mama yake Evodius akaugua huko malishoni, ng'ambo ya mpaka, naye akafunga gereji kwenda kumuuguza. Alipita dukani kuniaga. Alisimama mlangoni, akashika fremu, akaachia, akashika tena.

"Dada, nitachelewa kidogo. Usiende mbali mpaka nirudi."

"Mbali wapi? Kyerwa ndiyo kazi yangu."

"Basi ukienda, uwe unaipumzisha. Na ukiona vipi, uiangalie."

"Niiangalie nini?"

"Uiangalie tu, yote."

Nikacheka. Nikamwambia, wewe unaiogopa barabara kuliko gari lenyewe. Akacheka na yeye, akaenda. Nikikumbuka kicheko kile natamani nimtikise mabega, na nijitikise mimi baada yake. Neno "oili" lina herufi nne.

Wiki ya tatu, kwenye kona ya mlima wa kuelekea Kyerwa, taa nyekundu ikawaka mbele yangu, ile yenye picha kama ya birika dogo. Ikazimika. Kona iliyofuata ikawaka tena na haikuzimika, na kutoka mbele ukaja mlio wa kugonga, kama mtu anatwanga kisamvu ndani ya injini. Nilisimama. Nikachomoa kijiti kama nilivyokuwa nimeona Evodius akifanya, nikakifuta, nikakirudisha, nikakichomoa. Kikavu. Mzee mmoja mfugaji akapita na ng'ombe zake, nikamsalimia shikamoo, akaitika, akalizunguka gari lote akanipa pole na kuniambia lina viti vizuri.

Fundi wa gereji moja pale Kayanga, ambaye bodaboda walinielekeza kwake, alijaza oili na kuchunguza chini kwa tochi. Hakuna tone. Akawasha, akanusa bombani, hakuona moshi. Akaniambia nirudi wiki inayofuata. Nikarudi, kijiti kimeshuka tena karibu mpaka chini, na chini ya gari pakavu. Akafuta mikono taratibu, akauliza ni nani aliyekuwa akilishika gari hili. Nikamtaja Evodius.

"Tangu lilipofika lilikuwa linapungukiwa?"

"Hapana. Kila Jumamosi lilikuwa sawa."

"Na yeye ameondoka lini?"

"Karibu mwezi sasa."

"Na sasa linapungukiwa." Akanitazama kama mwalimu anayesubiri mwanafunzi amalize hesabu. "Daktari, injini ya asili haiwezi kubadilika hivihivi. Vifaa vyako vimechomolewa, umewekewa vya kuchoka. Mimi simtaji mtu."

Nilimtaja mimi. Nilikuwa na njaa, nimepoteza siku mbili za kazi, ng'ombe wa watu wawili wamekufa nikiwa gereji, na hesabu ya yule fundi ilikuwa imetimia vizuri mno. Asubuhi iliyofuata kwenye mgahawa jirani na duka langu, meza ikiwa imejaa wanunuzi wa kahawa na madereva wa magari ya Kyerwa, mtu akaniuliza gari linaendeleaje, nikasema kwa sauti, chapati iko mkononi: "Evodius amenichomolea vifaa. Kumbe zile Jumamosi ananilisha ndizi huku ananiibia." Meza ikaanza kuongea yote kwa pamoja. Mmoja akakumbuka betri yake. Mwingine akakumbuka tairi. Kufikia jioni habari ilikuwa Bugene, na kufikia Jumapili ilikuwa imeshavuka mpaka huko alikokuwa anamuuguza mama yake.

Aliporudi alikuja dukani. Alikuwa amekonda, na kwenye nywele alikuwa na alama ya msiba, nikajua mama amefariki. Nikampa pole. Akapokea. Tukabaki tumesimama katikati ya madebe ya dawa ya kuogeshea.

"Dada, nimesikia," alisema.

"Umesikia nini?"

"Nimesikia tu."

"Basi niambie kama ni uongo. Ulichomoa kitu au hukuchomoa?"

Alitazama nje, gari lilikokuwa. Nilimpa muda. Nakumbuka nilihesabu magari mawili ya kwenda Bukoba yakipita.

"Gari ni nzuri, Dada," akasema hatimaye.

Nikapandwa na hasira ambayo sijawahi kuipata tena. Nikamwambia asiguse tena gari langu, na asiniite Dada. Akaitikia kwa kichwa. Alipofika mlangoni akarudi, nikadhani sasa atasema, lakini alikuwa amesahau kofia. Ndani ya mwezi mmoja wateja wakamwishia. Fundi anayesemwa kuwa anachomoa vifaa hana cha kujitetea nacho, maana hakuna mteja anayejua kilichokuwemo mwanzo. Akafunga kibanda, akaenda Murongo kutengeneza bodaboda za watu wanaovuka mpaka, mahali ambapo mimi sijulikani.

Nami nikabaki na gari. Lita moja kila wiki ilikuwa inaingia na haitoki popote. Nilitandaza maboksi ya dawa chini yake usiku kucha na asubuhi nikayakuta safi. Nilinusa moshi mpaka nikaumwa kichwa. Nilipima asubuhi nyumbani kijiti kikasema imejaa, nikapima mchana kikasema nusu, nikakaribia kulia, mpaka nilipogundua kwamba uani kwangu kuna mteremko na oili ilikuwa inakimbilia upande wa kijiti. Nikaanza kupima kwenye uwanja wa kanisa, panapolingana, waumini wakidhani nimekuja kwa maombi. Na kila mtu alikuwa na jibu. Dereva mmoja alisema betri kubwa ya nyuma ndiyo inayokunywa. Mwenye duka la vitenge alisema panya. Shemasi wetu alisema kwa upole kwamba kuna watu hawapendi maendeleo ya mwanamke. Yule fundi wa Kayanga, aliyenifanyia hesabu kama mwalimu, alibadilisha sili, akabadilisha gasketi, akabadilisha vingine ambavyo sikumbuki, kisha akaanza kutopokea simu. Nilimlaani Evodius kila nilipofungua kifuniko cha oili. Nilimlaani zaidi Jumamosi mchana, nikila wali wa jana dukani.

Mwaka ulikuwa karibu kuisha Leokadia alipoingia dukani. Alikuwa amebaki Bugene kuvuna, na sasa alikuwa anahama kumfuata mumewe. Hakunisalimia. Aliomba chanjo ya kideri kwa kuku wake, nikamfungia kwenye barafu, akaichukua, akaiweka tena juu ya kaunta.

"Wewe," aliniambia, "unajua oili uliyokuwa unatembelea mwaka huu ilikuwa ya nani?"

Sikuelewa. Akanieleza, kavukavu, kama mtu anayetapika sumu. Gari lilikuwa bovu siku ya kwanza. Evodius aliliona palepale, kwenye kijiti na kwenye kile kidole. Ringi za pistoni zimekwama, injini inaila oili yenyewe ndani, inaichoma kidogokidogo kiasi kwamba huoni moshi. Alishindwa kuniambia mbele ya watu siku ya kusifu. Wiki iliyofuata akashindwa kwa sababu wiki ya kwanza alikuwa amesifu. Akawa ananunua oili yeye mwenyewe, ananiongezea kila Jumamosi nikiwa mezani, akingoja nitakapoona kwa macho yangu, ili isiwe yeye aliyenitajia.

"Nilimwambia, mwambie! Kila wiki nilimwambia. Ananijibu, nitamvunja moyo dada yangu. Mimi sikuolewa na mtu, niliolewa na kimya." Alikuwa analia kwa hasira, na mimi pia. "Na ulipomwita mwizi nikamwambia, nenda ukamweleze sasa. Akaja kwako. Akarudi ananiambia ameshindwa, ulikuwa umeshakasirika, asingekuongezea na ubaya wa gari."

Alichukua chanjo yake akatoka. Miezi yote ile nilikuwa natafuta oili inaenda wapi, na kumbe swali la kuuliza lilikuwa ilikuwa inatoka wapi. Mimi, kati ya watu wote wa wilaya yetu na ya Kyerwa, ndiye niliyetakiwa kulijua jambo hili. Kimya kile nilikuwa nimekiona kwenye mazizi mia, nikakitibu kwa sindano na kukitukana njia nzima ya kurudi.

Siku iliyofuata nilikwenda mgahawani wakati wa chai, nikasimama mbele ya meza ileile, nikasema nilikosea, Evodius hakuniibia chochote, alikuwa ananipa. Wakasikiliza kwa adabu. Kisha mmoja akasema, "Daktari una roho nzuri, umemsamehe," na mwingine akauliza bei ya kahawa Bukoba. Maji yakimwagika hayazoleki. Nilirudi kesho yake nikarudia, na keshokutwa, mpaka mwenye mgahawa akaniomba niwaache watu wapate kula.

Ndipo nikaenda Murongo, na galoni mbili za oili kwenye buti. Nilimkuta barabarani karibu na forodha, chini ya turubai, mikono imo ndani ya injini ya pikipiki, na vijana watatu kwenye foleni. Aliniona. Akamaliza alichokuwa anafanya, akanawa kwa sabuni ya unga, akanisalimia vizuri kabisa, akauliza habari za Omurushaka. Nilimwomba msamaha palepale, nimesimama, mbele ya wale vijana, maana niliona kosa la hadharani lisafishwe hadharani. Nilisema yote. Alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Yameisha, Daktari," alisema.

Nilingoja aongeze kitu. Kwa kutafuta la kusema nikamwomba aliangalie gari. Akafungua boneti, akachomoa kijiti, mara hii hakukitazama hata sekunde mbili.

"Ringi zimekwama," alisema, kwa sauti ya kawaida ambayo wale vijana wote waliisikia. "Hii injini ni mbovu tangu ilipotoka kwao. Imeshagonga mara moja, itagonga tena, ya pili itakufa. Ukiifungua utapoteza fedha, kwa sababu silinda nazo zimelika. Ni gari mbaya. Usingeinunua. Iuze kwa wanaotaka vipuri." Akafunga boneti. "Kuangalia ni elfu tano."

Nilimpa. Miezi yote ile nilikuwa nimetamani mtu mmoja anieleze mambo waziwazi namna ile, bila kunionea haya, na sasa nilikuwa nimeelezwa na nilihisi kama nimepigwa kofi.

"Evodius," nilimwambia, "kama unaweza kusema hivi, mbona hukusema siku zote zile?"

Aliikunja ile noti akaiweka mfukoni. Alinitazama bila chuki, na hilo ndilo lililoniuma.

"Siku zile ulikuwa dada yangu," alisema, na akamwita kijana aliyefuata asogeze pikipiki.